Picha ya Vita na Mtu Ambaye Hakuwapo

(Muziki wa kufungulia. Unapanda, unashuka, sauti inaingia.)

Huu ni ukurasa wetu wa historia, nami ninazungumza nawe kutoka Gisenyi, hapa Rubavu, kando ya ziwa. Wa Nkamira tuko jirani. Wa Mahama, Kiziba, Kigeme, Nyabiheke na Mugombwa, tunawasalimu huko mliko, na wale ambao karatasi hii imewafikia kwa mkono wa rafiki, karibuni pia.

Majuzi mzee mmoja katika kikundi cha kusikiliza aliniuliza jambo. Nilikuwa nimemwambia kwamba kipindi kijacho kitahusu picha. Akasema, "Mwanangu, redio haina macho. Utatuonyeshaje picha?" Watu wakacheka, mimi nikacheka pamoja nao, lakini nilirudi nyumbani nalo lile swali. Leo nitajaribu kukueleza picha nne au tano kwa mdomo tu. Zote ni za vita au za mateso. Baadhi zimechorwa mbali sana na sisi, na moja ilikuwa ndani ya simu yangu mwenyewe. Hiyo nitaiacha hadi karibu na mwisho, kwa sababu inanihusu mimi na kosa nililofanya.

Tuanze na picha ambayo huenda wazazi wako waliiona. Kama waliishi Lubumbashi, Likasi au Kolwezi miaka ya sabini, waulize. Ni ua wa gereza. Nyuma kuna jengo la serikali, na juu yake bendera ya Ubelgiji. Mfungwa amelazwa kifudifudi chini, na askari mweusi amenyanyua kiboko juu ya matako yake. Mzungu amesimama pembeni, anatazama tu, hafanyi kitu. Wafungwa wengine wanabeba mizigo, na wanawake waliokuja kuona waume zao wanalia. Picha hiyo iliitwa "Colonie belge", yaani koloni la Ubelgiji. Waliichora watu wengi, kila mmoja kwa mkono wake, na watu wa kawaida waliinunua: wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu. Waliita picha kama hizo tablo. Waliitundika sebuleni, pengine karibu na ile ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki.

Mimi nilishangaa. Nani atatundika kiboko ukutani, mahali anapokula na watoto wake? Lakini watu wa Katanga walikuwa na neno lao la kueleza kwa nini, na neno hilo ni Kiswahili chetu: ukumbusho. Tablo iliyokuwa nzuri ni ile iliyokumbusha. Mgeni akiingia, akiiona, mazungumzo yanaanza. Baba anamweleza mtoto. Picha ilikuwa kama kigoda ambacho hadithi inakalia.

Kati ya wachoraji hao kulikuwa na kijana mmoja ambaye nataka umjue jina. Ni Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa Élisabethville wakati huo, Lubumbashi ya leo. Hakuwa na chuo cha uchoraji. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, maana turubai ya dukani ni ghali, kisha alizunguka na picha zake akizitafutia wanunuzi. Sisi tunaotembeza vitu kambini tunaijua kazi hiyo: unabisha hodi, unaonyesha, unaambiwa rudi mwisho wa mwezi.

Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani. Fabian alikuwa akichunguza Kiswahili na maisha ya wafanyakazi. Alinunua picha, wakaanza kuzungumza, na Tshibumba akamwambia jambo ambalo mchoraji wa kutembeza picha huwa hatarajiwi kulisema: kwamba yeye ni mwanahistoria. Alitaka kuchora historia yote ya nchi yake, tangu wazee wa zamani hadi siku ile. Na akaichora. Kwa muda wa mwaka hivi alileta picha 101, na kwa kila picha alisimulia kwa Kiswahili cha Katanga, Fabian akirekodi kwenye kanda. Mwaka 1996 Fabian alichapisha picha hizo pamoja na maneno ya Tshibumba katika kitabu. Picha zenyewe zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam, Uholanzi.

Humo ndani mna vita vingi. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kujitenga huko kulidumu hadi Januari 1963, na katikati yake askari wa Umoja wa Mataifa walipigana na askari wa Katanga ndani ya mji wa Tshibumba mwenyewe. Mwaka 1961 Waluba wa Kasai, ambao walionekana kuwa maadui wa Katanga, walikimbia nyumba zao na kuingia katika kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa, hapo hapo Élisabethville. Walikuwa makumi ya maelfu. Ndiyo, msikilizaji: kambi, ndani ya mji wao wenyewe, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kwenye milango waliyoifunga. Familia ya Tshibumba ilikuwa ya Waluba wa Kasai. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 13, 14.

Picha yake ninayotaka kukueleza ni ya kifo cha Patrice Lumumba. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 porini, si mbali na Élisabethville, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tshibumba amewachora watatu hao wamelala chini. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Kila Mkristo akiiona anajua ni Golgota. Ubavuni mwa Lumumba damu inatiririka, na damu hiyo ikifika ardhini inaandika neno moja la Kifaransa, "unité", umoja.

Sasa, Tshibumba hakuwepo pale. Wala damu haiandiki. Na misalaba haikuwepo. Hata miili haikubaki: ilifukuliwa, ikakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali, kazi iliyosimamiwa na ofisa wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete, ambaye baadaye alikiri mwenyewe. Kilichorudishwa kwa familia ni jino moja, mjini Brussels, mwezi Juni 2022. Miaka 61. Fikiria watoto wa mtu wanapokea jino katika kisanduku.

Kwa hiyo Tshibumba alichora mahali ambapo watu walitaka pasiwe na kitu cha kuonyesha. Hakukuwa na kaburi la kupiga picha. Alichora kile ambacho watu wa mji wake walikuwa wakisemezana, na misalaba ile ndiyo inayokuambia wazi kwamba hii ni fikira yake. Hakudai kwamba alikuwa na kamera. Katika mazungumzo yale na Fabian alieleza ni wapi alisikia hiki na kwa nini alichora kile. Aliandika na jina lake juu ya picha. Ukiwa na ugomvi naye, unajua pa kumpata.

(Muziki, sekunde kumi.)

Msikilizaji, tuondoke Kongo kidogo. Mwalimu mmoja aliyenifundisha historia sekondari, nilipomweleza habari za Tshibumba, alifungua kompyuta yake akanionyesha picha za Japani. Akaniambia, "Angalia hawa nao." Nilikaa hapo hadi umeme ukakatika.

Ni picha za vita kati ya Japani na China, vita vya mwaka 1894 na 1895. Walikuwa wakigombea nani atakuwa na sauti Korea. Japani ilikuwa imejenga jeshi jipya kwa mtindo wa Ulaya: bunduki za kisasa, meli za chuma, sare nyeusi, taa kubwa za kumulikia usiku. Lakini picha za vita hivyo vya kisasa zilichapwa kwa njia ya kale kabisa, kwa mbao.

Njia yenyewe utaielewa ukikumbuka muhuri wa ofisini, ule unaogongwa kwenye karatasi zetu za usajili. Herufi za muhuri zimechongwa kinyume ili zikigongwa zisomeke. Ndivyo hivyo. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi iligandishwa juu ya ubao wa mcheri, uso ukiwa chini, na fundi mchongaji akaondoa mbao yote isipokuwa mistari. Kisha ubao mwingine kwa ajili ya rangi nyekundu, mwingine wa bluu, mwingine wa kijivu cha moshi. Fundi wa tatu alipaka rangi ubao, akalaza karatasi juu, akaisugua kwa mgongo kwa kifaa bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Karatasi moja ilipita juu ya ubao baada ya ubao, na ikikosea nafasi hata kidogo, rangi ya koti inaangukia kwenye farasi. Picha kubwa za vita zilikuwa karatasi tatu zilizowekwa bega kwa bega. Mwenye duka aliyelipia kazi hiyo ndiye aliyeamua nini kichorwe, na serikali ilipaswa kuruhusu kabla hazijauzwa.

Ziliuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu, na zilitoka upesi. Habari ikifika kwa simu ya waya kutoka Korea, baada ya siku chache picha ilikuwa inaning'inia mbele ya duka Tokyo na watu wamejazana. Picha za vita hivyo huhesabiwa kufika 3,000 hivi. Mbao elfu ngapi zilichongwa sijui kuhesabu, na mimi hesabu ndiyo iliyonitoa jasho sekondari.

Mmoja wa wachoraji mashuhuri alikuwa Kobayashi Kiyochika, aliyezaliwa mwaka 1847. Alijua mwanga kuliko wenzake. Askari wake wamesimama gizani, theluji inaanguka, moto wa mbali unamulika nusu ya uso. Ana picha moja ya vita vya baharini ambayo siisahau. Juu ni meli na moshi. Chini ni ndani ya maji: meli ya China inazama, inashuka taratibu kwenye bluu, na watu wanashuka pamoja nayo. Ni nzuri, na hapo ndipo ninapopata taabu nayo. Kwa sababu nani aliona chini ya maji? Aliyekuwa huko chini hakurudi kusimulia.

Wachoraji wengi wa picha hizo hawakukanyaga uwanja wa vita. Wachache walisafiri na jeshi, lakini wengi walikaa Tokyo na gazeti mezani. Na ukizitazama nyingi kwa pamoja unaanza kuona mazoea yao. Mjapani amesimama wima, sare imekaa vizuri, uso mtulivu. Mchina ana nguo za rangi kali, mdomo wazi, anakimbia au ameanguka juu ya mwenzake. Hana jina. Novemba 1894 jeshi la Japani liliteka mji wa Port Arthur na likaua watu waliokuwa wamekwisha kushindwa, raia pamoja nao. Mwandishi wa Marekani, James Creelman, aliandika habari hiyo katika gazeti la New York na dunia ikasoma. Kwenye maduka ya Tokyo Port Arthur ilikuwa ushindi, farasi na bendera.

Lakini kisa kilichonifanya niandike kipindi hiki ni cha mpiga tarumbeta.

Tarehe 29 Julai 1894, mahali paitwapo Songhwan, Korea, askari mmoja wa Japani aliyekuwa akipiga tarumbeta ya kushambulia alipigwa risasi. Habari ikasema hakuacha kupiga: alipuliza hadi pumzi ya mwisho, na alikutwa amekufa tarumbeta ikiwa mdomoni. Unaweza kuwaza jinsi wauza picha walivyoipokea. Ilichorwa, ikaimbwa, ikachorwa tena. Magazeti yalikuwa na jina lake: Shirakami Genjirō. Picha zikachapwa zikiwa na jina hilo, zikaenda kwenye nyumba za watu.

Baadaye jeshi likachunguza likasema hapana. Mpiga tarumbeta hakuwa Shirakami. Alikuwa Kiguchi Kohei. Wote wawili walikuwa wa mkoa mmoja, Okayama, na wote wawili walikufa katika vita hivyo. Jina la Kiguchi likaingizwa katika vitabu vya shule za msingi, watoto wakalikariri. Lakini karatasi zilizokwisha kuuzwa hazirudi kwenye ubao.

Sisi tumezoea kuambiwa kuhusu mashujaa na kupita. Mimi nilifikiria familia mbili. Mama wa Shirakami, mtoto wake amekufa, majirani wanampongeza, nyimbo zinaimbwa, halafu siku moja anaambiwa siye. Mtoto wake bado amekufa, lakini kifo chake kimekuwa kidogo. Na mama wa Kiguchi, kwa miezi yote hiyo, alikuwa akiona kifo cha mwanawe kikiuzwa kwa jina la mwingine.

Miaka kumi baadaye, Japani ilipopigana na Urusi mwaka 1904 na 1905, picha za kamera na kadi za posta zilishika soko, na wachongaji wengi wakakosa kazi. Watu wakaona kwamba kamera haidanganyi. Hiyo nayo tutaizungumzia.

(Muziki mfupi.)

Turudi kwenye ziwa letu. Nikiwa hapa Gisenyi naweza kuona majengo ya Goma kwa macho, na usiku naona wekundu wa Nyiragongo. Mwaka 1914 vita vya Ulaya vilifika hapa hapa. Gisenyi, ambayo Wajerumani waliiandika Kisenyi, ilikuwa yao. Ng'ambo ilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi. Mpaka ule ulioupita wewe na godoro kichwani ulikuwa mahali pa kuviziana kwa bunduki na mizinga karibu miaka miwili. Mwezi Aprili 1916 Wabelgiji waliingia, wakachukua Kigali tarehe 6 Mei, Wajerumani wakaiacha Gisenyi, na Septemba 19 jeshi la Wabelgiji likawa Tabora. Ninasema Wabelgiji na Wajerumani kwa mazoea tu. Waliopigana wengi walikuwa Waafrika pande zote mbili, na nyuma yao wapagazi maelfu kwa maelfu, wakibeba risasi na chakula vilima vyote hivi. Babu wa mtu anayenisikiliza sasa yumo humo, na hana picha.

Picha iliyobaki kutoka ushindi huo, ambayo naipenda kwa sababu inachekesha kidogo, ni stempu ya barua. Kongo ya Ubelgiji ilikuwa na stempu ya senti 5 yenye picha ya bandari ya Matadi. Matadi iko upande mwingine kabisa wa Kongo, karibu na Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1916 Wabelgiji walihitaji stempu za nchi waliyoiteka. Wakachukua zile zile za Kongo, wakapiga neno moja juu: RUANDA. Basi stempu ikawa na bandari ya Matadi, na juu yake jina la nchi ambayo haina hata pwani.

Nadhani umekwisha kuona ninakoelekea. Picha ya mahali pamoja, jina la mahali pengine. Mimi na wewe hupokea stempu ya namna hiyo kila asubuhi kwenye simu.

Kosa langu ni hili. Kabla sijaanza kazi ya redio, nilikuwa kijana wa simu katika block yetu. Nilikuwa na bando, wengine hawakuwa nalo, kwa hiyo watu walikuja kwangu kuuliza habari za nyumbani. Siku moja iliingia picha katika kundi la WhatsApp. Kijana amelala kando ya barabara ya udongo, uso umegeuka nusu, amevaa jezi ya bluu. Chini yake mtu alikuwa ameandika jina la sehemu tunayotoka na tarehe ya jana yake. Jirani yangu, papa mmoja mtulivu, alikuwa ameacha kijana wake huko. Mimi nilimwona huyo kijana mara nyingi amevaa jezi ya bluu. Sikumwuliza mtu yeyote. Nilikwenda nikabisha mlangoni nikampa papa simu.

Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Ni yeye."

Tulilia msiba siku tatu. Watu walichanga kile walichokuwa nacho, mafuta, mahindi, franga kidogo. Siku ya nne papa aliuza taa yake ya sola na godoro, akaondoka kwenda kumtafuta mwanawe amzike. Hakuaga ofisini. Kama unajua barabara hizo, unajua alichokuwa anakwenda kukutana nacho. Siku ya tisa simu yangu ililia, namba ya Uganda. Alikuwa yule kijana. Yuko hai, alikuwa amefika Nakivale, anamtafuta baba yake amsalimie.

Papa alirudi baada ya siku 19, amekonda, mguu umevimba. Wakati huo mtu mmoja mwenye ujuzi alikuwa amekwisha kunionyesha kwamba ile picha ilikuwa ya miaka mingi nyuma, tena ya nchi nyingine. Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilitegemea atanifokea, na ingekuwa afadhali. Aliniuliza tu: "Aliyepiga ile picha, wewe ulimjua?"

Sikumjua. Hata sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu aliyeipiga. Kwangu ilikuwa picha, imetoka kwenye simu, kama maji yanavyotoka bombani.

Na kuna jambo lingine ambalo mke wa papa alilisema baadaye, tukiwa tunachambua maharage, na sijaweza kulijibu. Alisema, "Yule wa jezi ya bluu ni mtoto wa nani?" Tulimlilia siku tatu kwa jina ambalo si lake. Mahali fulani mama yake labda hajui kwamba watu wa kambi ya mbali walikaa chini wakamwombea. Ndiyo maana mpiga tarumbeta wa Songhwan aliponijia kwenye kompyuta ya mwalimu, sikumwona kama mtu wa Asia ya zamani.

Kuna wanaosema dawa ni kutoamini picha yoyote. Mimi sikubali. Tshibumba alichora kifo ambacho hakukiona, na picha yake imefanya kazi ya ukumbusho mahali ambapo mwili wenyewe uliyeyushwa usikumbukwe. Mtu wa kamera anaweza kuwepo kabisa, akapiga picha halisi ya mtu halisi, na mwingine akaibandika jina jipya kama stempu ya Matadi. Kwa hiyo kuwepo peke yake hakutoshi. Ninachokitaka sasa kwa picha ni kile Tshibumba alichokitoa bila kuombwa: jina lake, na neno la kueleza hiki nilikiona, hiki nilikisikia, hiki ni fikira yangu.

Katika vikundi vyetu vya kusikiliza tumeanza kufanya hivi. Picha ya maiti au ya nyumba iliyoungua ikiingia, haonyeshwi anayehusika kwanza. Tunamtafuta aliyetuma, tunamwuliza yeye aliitoa wapi, na huyo aliitoa wapi, hadi mnyororo unapokatika. Mara nyingi unakatika kwa mtu wa pili. Ukikatika, picha inabaki hapo. Kama inaonyesha mahali unapopajua, angalia paa, angalia mlima wa nyuma, angalia nguo za watu na maandishi ya kibao. Mama mmoja wa Masisi alituokoa na picha moja kwa sababu aliona migomba yake haikufungwa kwa namna ya kwao. Na kama ni habari ya ndugu aliyepotea, nenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa. Huduma yao hulipi, na wao huuliza maswali ambayo mimi sikuuliza.

Kuhusu Tshibumba, baada ya mwanzo wa miaka ya themanini hakuonekana tena. Barua zilikoma. Mtu aliyechora historia ya nchi nzima, yeye mwenyewe hana kaburi linalojulikana. Kama angekuwa hai leo, angekuwa mzee wa karibu miaka themanini, rika la yule mzee wa redio haina macho.

Nimalizie na picha moja, ya mwisho, na hii niliiona kwa macho yangu. Nkamira, chini ya hema la watoto, msichana wa miaka tisa hivi alikuwa akichora kwa kalamu ya bluu. Helikopta juu. Nyumba. Mbuzi aliyefungwa kwenye mti, miguu mitano, nikahesabu mara mbili. Mvua ya vistari inatoka kwenye helikopta. Nilikaa karibu naye nikamwuliza swali la papa kwa namna nyingine: "Na wewe ulikuwa wapi?"

Akachora ndani ya nyumba kiduara kidogo, chini ya kitanda. "Niko hapa."

Nikamwuliza, basi helikopta uliionaje?

Akaniangalia kama mtu anayeuliza mambo ya kitoto. "Sikuiona. Niliisikia. Mbuzi ndiye nilimwona, asubuhi."

Nikamwomba ruhusa, nikaandika nyuma ya karatasi jina lake, siku, na maneno hayo hayo. Karatasi aliichukua yeye.

(Muziki wa kufungia. Mwongozaji wa kikundi: waulize wasikilizaji kama kuna mwenye picha ya zamani nyumbani, ya kuchorwa au ya kamera, anayeweza kueleza ilitoka kwa nani. Msilazimishe mtu kuonyesha.)